Kwa nini shamba linagawanywa kwa amani, halafu sufuria inavunja familia?

#1 Binti_wa_Buru

Hamjambo wote. Mama yetu alizikwa nyumbani Murang'a mwaka jana. Baba alitangulia kitambo. Tuko watoto watano. Shamba la kijijini na nyumba ya Buru Buru mama alikuwa ameshaviandikia wosia kwa wakili, na hakuna aliyepinga hata mstari mmoja. Tulikaa kikao sebuleni, chai ikapikwa, tukakubaliana nyumba ipangishwe na kodi tugawane. Nikamshukuru Mungu kwamba tumevuka.

Kisha tukaanza kutoa vitu ili mpangaji aingie.

Kuna sufuria kubwa ya pilau ambayo mama alikuwa akiiazima mtaa mzima kukiwa na ruracio (sherehe ya mahari) au matanga. Chini ameandika herufi za jina lake kwa rangi nyekundu ya kucha ili isipotelee kwa watu. Dada mkubwa aliiweka kwenye buti la gari na kuondoka nayo. Kaka anayemfuata amesema hakanyagi kwa dada mpaka sufuria irudi. Cherehani ya mama, Singer ya kukanyaga kwa mguu, inadaiwa na watu watatu. Aliyenunua friji anaitaka friji yake. Vitambaa vya sofa alivyofuma mama kwa mkono vimepotea na kila mtu anamwangalia mwenzake.

Hawa ni watu waliokubaliana juu ya mali ya mamilioni bila kupaza sauti. Sasa tunaongea kupitia kwa watoto. Naomba mliopitia haya mniambie: kwa nini vitu vidogo? Na nyinyi mlifanyaje?

#2 Mzee_wa_Kaloleni

Pole sana binti yangu. Shamba lilishaamuliwa na aliyekufa. Nyinyi mlipokea tu uamuzi. Sufuria hakuiandika popote, kwa hiyo hapo ndipo mlipolazimika kuamua wenyewe kwa mara ya kwanza bila mzazi. Familia nyingi hazijawahi kujifunza kuamua jambo mama akiwa hayupo. Alikuwa akisema "mpe huyu", kimyaa, mmeelewana.

Sisi tuligombana kwa sababu ya redio ya mbao iliyokuwa haishiki stesheni yoyote. Marehemu baba alikuwa wa reli. Mpaka leo iko kwa kaka yangu na sijaiuliza.

#3 Karani_Milimani

Pole dada. Niongeze upande wa sheria kwa sababu naona watu wengi wakiingia matatani bila kujua. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kinakataza mtu yeyote kuchukua, kuuza au kuvuruga mali ya marehemu bila idhini ya sheria au hati ya mahakama. Adhabu ni faini isiyozidi sh. 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Haijalishi ni ploti au ni meza.

Kwa kuwa kuna wosia, msimamizi aliyetajwa ndiye anayeomba hati. Tangazo linatoka kwenye Gazeti Rasmi, watu wana siku 30 za kupinga, hati inatolewa, na kwa kawaida inathibitishwa baada ya miezi 6. Swali langu kwako: wosia wa mama una mstari unaosema "na mali yangu nyingine yote"? Kama upo, sufuria iko humo.

#4 Jirani_Umoja

Karani umetisha. Yaani dada mkubwa afungwe mwaka mzima kwa sufuria ya pilau? Hakimu mwenyewe ataomba aonjeshwe kwanza.

#5 Karani_Milimani

Jirani, sijasema afungwe. Nimesema ajue. Nimeona faili lililoanza na gari bovu lililouzwa skrapu kabla ya hati kutoka. Kesi ikachukua miaka na thamani ya gari haikulipa hata nauli za mashahidi.

#6 Mama_Watatu

Mimi nitasema kile ambacho wengine wanakizunguka. Kwenye hiyo familia kuna mtu aliyemuuguza mama. Ni nani? Nauliza kwa sababu kwetu nilikuwa mimi. Nilibadilisha shuka usiku, nilimpeleka kliniki Kenyatta, nilisimama foleni ya dawa. Ndugu zangu walituma pesa, siwalaumu, pesa zilisaidia. Lakini wosia ulipogawa sawasawa kwa wote sikusema neno, kwa sababu ungesemaje? Utaonekana uliuguza kwa ajili ya shamba.

Ilipofika kwenye kikombe cha mama cha chai, kile cha udongo chenye ufa, nilisema hiki hakiguswi na mtu. Nililia mpaka majirani wakaja. Hakuna aliyekuwa anakitaka! Nilikuwa ninadai kitu kingine kabisa, na kikombe ndicho kilichokuwa karibu.

#7 Binti_wa_Buru

Mama Watatu, ni dada mkubwa. Alihama kwake akaja kukaa na mama mpaka mwisho. Sijawahi kuliangalia hivyo. Asante.

Karani, mstari huo upo: mali nyingine yote igawanywe sawa kwa watoto wote.

#8 Shemeji_Kimya

Mimi ni mke wa mtoto wa nyumba kama hiyo, na wakaza wana hatuna pa kusemea. Hamchoki kutulaumu, eti "wake wa kina kaka ndio wanachochea". Mama mkwe alinifundisha kupika mukimo kwenye sufuria yake. Alinipa leso yake moja mikononi mwangu, wifi yangu akiwa jikoni anaona. Siku ya kutoa vitu nikaambiwa niirudishe kwanza ihesabiwe. Niliirudisha. Sikuiona tena.

Kwa hiyo Mzee wa Kaloleni, si kweli kwamba tatizo ni kuamua bila mama. Pengine mama aliamua na watu wakakataa.

#9 Mzee_wa_Kaloleni

Shemeji, nimekusikia. Hapo umenishika.

#10 Fundi_Kariokor

Nimekuja kwa sababu ya cherehani. Nashona Kariokor miaka mingi na wateja huniletea hizo Singer za marehemu wakiuliza bei. Sikilizeni vizuri. Kichwa cha chuma cheusi kikiwa kizima, gurudumu linazunguka bila kukwama na bobini yake ipo, hiyo mashine inafanya kazi kuliko nyingi mpya. Mkanda wa ngozi ukikatika unabadilishwa kwa pesa kidogo. Kuna wanunuzi wanaotaka miguu tu, wanaondoa kichwa wanatengeneza meza za mikahawa. Ukimuuzia huyo, anakulipa miguu na kichwa anakipata bure.

Na kama mmoja wa hao watatu amesikia ule uvumi wa zebaki nyekundu ndani ya Singer, mwambieni ni uongo. Mwaka 2009 Saudi Arabia watu walipandisha bei kwa ajili ya uvumi huo na hakuna aliyepata kitu. Kuna mama aliletwa kwangu na kijana anataka nifungue mashine aone. Nilifungua. Ndani kuna mafuta na nyuzi.

#11 Jirani_Umoja

Fundi, kwa hiyo bei gani ya nzima? Nauliza kwa ajili ya rafiki 😂

#12 Fundi_Kariokor

Mlete rafiki na mashine. Bei haisemwi bila kuona.

#13 Binti_Majengo

Assalaam alaykum. Poleni kwa msiba. Kwetu Pumwani mambo haya yana mpangilio wake, na nadhani ndio maana sikuona ugomvi wa vyombo baba alipofariki. Kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na mrithi hausiwi juu ya fungu lake mpaka wenzake waridhie. Kinachobaki ndicho mirathi, na kijiko ni mirathi kama nyumba ilivyo mirathi. Mjane mwenye watoto thumuni yake, mtoto wa kiume mafungu mawili kwa moja la wa kike. Na mama akiwa kwenye eda, miezi 4 na siku 10, hakuna anayefikiria kuhamisha kitanda chake.

Vitu vya mama mwenyewe, alivyokuja navyo na alivyonunua, havikuhesabiwa hata kidogo maana havikuwa vya baba.

#14 Otero_Donholm

Si hata kwa sheria ya serikali vyombo ni vya mjane? Nimesikia mara nyingi kwamba vya ndani vyote ni vya mke na gari pia.

#15 Karani_Milimani

Otero, nusu yake ni sawa. Kifungu cha 35 kinampa mwenzi aliyebaki, mume au mke, vitu vya matumizi ya nyumbani moja kwa moja: nguo, fanicha, picha, vyombo, hata chakula kilichomo. Gari limeondolewa waziwazi kwenye maana hiyo, pamoja na vifaa vya kazi au biashara ya marehemu. Hiyo ni pale ambapo hakuna wosia. Na kwa Waislamu, Sura ya 160 imewaachia sheria yao ya mirathi, kwa hiyo maelezo ya Binti Majengo yasimame kama alivyoyaweka.

Kwa Binti wa Buru hakuna mwenzi aliyebaki, na wosia upo, basi ni sawa kwa wote watano. Walioolewa na wasioolewa.

#16 Cherehani_ni_Yangu

Nimejiunga leo kwa sababu ya uzi huu, nilitumiwa na binamu. Sina haja ya kujitaja. Mama alisema kwa mdomo wake cherehani ni ya yule anayejua kushona. Nilikuwepo mimi, alikuwepo na mwanamke aliyekuwa akimfulia. Je, hilo halina uzito?

#17 Karani_Milimani

Karibu. Wosia wa mdomo unatambuliwa ukisemwa mbele ya mashahidi 2 au zaidi, na aliyeusema afariki ndani ya miezi 3. Lakini ukipingana na wosia ulioandikwa ambao haujafutwa, ulioandikwa ndio unaosimama. Mahakamani ni vigumu. Mezani na ndugu zako ni jambo jingine, na huyo mama wa kufua mleteni aseme mbele ya wote.

#18 Binti_wa_Buru

Cherehani ni yangu, nimekujua kwa namna unavyoandika. Nipigie simu jioni tafadhali.

#19 Jirani_Umoja

Uwiii. Wacha niweke maji ya chai.

#20 Mama_Watatu

Jirani acha. Waache waongee.

#21 Kijana_Pipeline

Nyinyi mna bahati mna nyumba yenu. Sisi ndugu yetu alifariki akiwa mpangaji, chumba kimoja Pipeline. Alifariki katikati ya mwezi, tukawa tunahangaika na mochari na basi la kwenda Kitui. Tuliporudi mwenye nyumba alishaongeza kufuli lake juu ya la ndugu yetu. Alidai kodi ya mwezi mpya kwanza, na depositi akasema imeliwa na rangi ya ukuta.

Tulitoa kila kitu siku moja kwa mkokoteni. Hakukuwa na nafasi ya kugombana, hata ya kufikiri. Godoro alichukua mlinzi. Jiko la gesi jirani. Viatu vyake vya kazi vilikuwa mlangoni vimepangwa, vimepakwa kiwi, soksi zimekunjwa ndani. Binamu akavitia kwenye gunia pamoja na masufuria. Hilo gunia lilienda ushago na hakuna aliyelifungua hadi Krismasi. Ndipo tukagombana, wakati wa likizo, vibaya sana. Kwa hiyo nadhani ugomvi ni maombolezo yaliyocheleweshwa. Mjini hatulii. Maiti inapelekwa nyumbani, kilio kinafanyika huko, halafu unarudi Nairobi na nyumba inakungoja na bili ya stima.

#22 Nyar_Seme

Kijana, hilo la nyumba mbili ni kubwa kuliko tunavyolichukulia. Kwetu ziwani nguo za marehemu hazigawanywi ovyo, zina siku yake na zina watu wake, wazee wapo, na ikiisha imeisha. Lakini siku hiyo hufanyika boma la nyumbani, na vitu vya Nairobi havipo hapo. Kabati la baba la Jericho lilibaki limejaa suti. Wazee walishamaliza shughuli, hakuna aliyebaki na mamlaka ya kusema suti hii ni ya nani. Tuliomba wajomba wawili wapande basi waje mjini, tukawapikia samaki, wakatusimamia tukagawana sebuleni. Ilitugharimu nauli tu na ilikuwa siku nzuri. Nawashauri wote: msigawane bila mtu mzima asiyerithi chochote.

#23 Binti_Majengo

Nyar Seme, naunga mkono. Mtu asiyerithi ndio dawa.

#24 Niko_Doha

Na sisi tulio mbali je? Friji iliyotajwa pale juu, namuelewa aliyeinunua. Nilimnunulia mama televisheni, tangi la maji na kochi. Sikuwepo kumzika, ruhusa ya kazi ilikataliwa. Nilipoambiwa kwenye simu kwamba kochi limeuzwa kwa mwenye lori, nilihisi nimefutwa. Hilo kochi ndilo lililokuwa kwenye picha zote alizonitumia akiwa amekaa.

Sikutaka pesa yake. Ningetaka nipigiwe kabla lori halijafika.

#25 Shemeji_Kimya

Pole ndugu. Hiyo simu inachukua dakika moja.

#26 Otero_Donholm

Tusisahau talaka maana nayo ni kifo cha aina yake. Mimi nilirudi kutoka kazini nikakuta hata balbu zimefunguliwa. Wakili akaniambia nisihangaike, mke anapata nusu ya kila kitu.

#27 Karani_Milimani

Pole. Lakini si nusu moja kwa moja. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inaangalia mchango wa kila mmoja, na mchango usio wa pesa unahesabiwa: kulea watoto, kazi za nyumbani, kusimamia biashara au shamba. Mahakama ya Upeo Januari 2023 ilisema wazi kwamba usawa uliomo kwenye Katiba haumaanishi kila mtu apewe nusu bila kuthibitisha mchango wake. Vyombo na vitu vya nyumba ya ndoa vimo ndani ya mali ya ndoa, kwa hiyo balbu nazo zingeweza kutajwa.

#28 Mama_Watatu

Otero, na watoto walikuwa wapi siku hiyo ya balbu? Wangu waliniuliza kitanda chao kimeenda wapi kabla ya kuniuliza baba yao. Hilo linahitaji uzi wake, ukiufungua nitakuja.

#29 Karatasi_Kwanza

Kabla hamjatoa kitu chochote kingine: tafuteni karatasi. Nasisitiza sana kwa sababu nimeona magunia ya karatasi za marehemu yakiuzwa kwa kilo kwa wafungaji wa nyama.

Angalieni ndani ya Biblia, ndani ya jalada la plastiki la Biblia, chini ya gazeti lililotandikwa kwenye droo, kwenye mkebe wa biskuti wenye sindano, kwenye mifuko ya makoti, katikati ya godoro na chaga. Kwa mama yetu tulipata cheti cha hisa za KenGen za mwaka 2006 na karatasi za Safaricom za 2008 zimekunjwa pamoja na risiti za karo zetu za shule ya msingi. Gawio lilikuwa halijachukuliwa miaka mingi. Pesa kama hizo hupelekwa kwa mamlaka ya serikali inayotunza mali za kifedha zisizodaiwa, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, na warithi wanaweza kuzidai wakiwa na hati ya mahakama. Hazipotei.

Pigeni picha kila chumba kabla ya kugusa. Picha za kabati likiwa wazi. Mzozo mwingi unaishia hapo.

#30 Jirani_Umoja

Sisi tulipata noti za zamani ndani ya mto wa shosho, zimeshonewa. Tukaambiwa zote hazina kazi, tukachoma.

#31 Karatasi_Kwanza

Jirani! Ni za sh. 1,000 tu zilizoondolewa, mwisho ulikuwa 30 Septemba 2019. Noti za zamani za 50, 100, 200 na 500 hazikuondolewa siku hiyo. Zilikuwa za ngapi?

#32 Jirani_Umoja

Mchanganyiko. Leo sina la kusema.

#33 Binti_wa_Buru

Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Habari mpya: aliyejiunga hapo #16 tumeongea, ni mdogo wangu wa mwisho, na kweli ndiye pekee anayejua kushona. Mama wa kufua amekubali kuja. Mjomba kutoka Kangema atakaa kwenye kiti kama Nyar Seme alivyoshauri. Tumempigia simu ndugu yetu aliye nje ya nchi aseme anachokitaka kwanza, kabla ya sisi tulio hapa.

Kuhusu dada mkubwa na sufuria, kaka bado amekaza. Anasema kuuguza ni wajibu wa mtoto na haulipwi. Mimi sikubaliani naye, nimemwambia wazi. Hatujafika mwisho.

Nina swali jingine. Kimebaki chumba cha mama. Kuna kiti cha magurudumu, godoro la kuzuia vidonda, dawa za presha na sukari ambazo hazijafunguliwa, insulini kwenye friji, na nepi za watu wazima. Tunapeleka wapi? Kutupa naona uchungu.

#34 Mama_Watatu

Kiti na nepi uliza parokia au msikiti ulio karibu, pana mgonjwa kila mtaa na vitu hivyo ni ghali. Kabla ya kutoa kiti, funga skrubu na usafishe magurudumu. Godoro lipanguse kwa dawa ya kuua viini, ulianike.

#35 Muuguzi_Eastlands

Dawa usimpe jirani hata kama ugonjwa ni uleule, dozi hazifanani. Usizimwage chooni. Zibebe kama zilivyo kwenye pakiti zake hadi duka la dawa au zahanati, uliza kama wanapokea za kuharibiwa. Insulini iliyokuwa kwenye friji ya nyumbani hatuwezi kumpa mgonjwa mwingine, maana hakuna anayejua stima ilipotea mara ngapi. Sindano zilizotumika zitie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko na uzipeleke pamoja na dawa. Anayebeba takataka mtaani huingiza mkono ndani ya mfuko bila glavu.

#36 Binti_wa_Buru

Nimeelewa. Kesho nazipeleka.